Usitupe kibodi kuukuu kabla ya kujua kilichoharibika

KARIBU kila chumba cha tarakilishi katika shule na vyuo vya kaunti za Meru na Embu kina pembe ambako vifaa vinavyodhaniwa kufa hurundikwa. Hapo utapata kibodi zilizogeuka kutoka rangi nyeupe hadi manjano, vipanya vyenye kigololi tumboni, na nyaya zilizosokotana kama mizizi ya mkuyu. Mwalimu anayesimamia chumba hicho atakueleza kwamba vilikataa kufanya kazi baada ya shule kupata tarakilishi nyingine, au baada ya fundi kuweka toleo jipya la Windows.

Baadhi ya vifaa hivyo vimekufa kweli. Lakini vingine ni vizima kabisa, na kilichokatika ni maelewano kati yavyo na mfumo endeshi, yaani ile programu kuu, kama vile Windows au Linux, inayosimamia shughuli zote ndani ya tarakilishi. Tofauti hiyo ina gharama. Kibodi moja mpya si ghali, lakini kibodi 40 za chumba kizima ni fedha ambazo shule ya kutwa huko Siakago au Tigania italazimika kuzitoa kwenye vitabu au maabara. Mwenye saiba mjini Runyenjes au Nkubu naye hana nafasi ya kungoja kifaa kutoka Nairobi ilhali ni Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi kwa KRA, na foleni imefika barabarani. Aidha, watahiniwa wa somo la Kompyuta katika KCSE hufanya karatasi ya pili, 451/2, kwa vitendo. Dakika anazopoteza mtahiniwa akishindana na kibodi ni vigumu kufidiwa.

Chanzo cha mchanganyiko huu wa vifaa kinajulikana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule nyingi za humu nchini zilipata tarakilishi zilizokwisha kutumika ughaibuni. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, na lile la Computer Aid International la Uingereza yalikuwa miongoni mwa waliozirekebisha na kuzisambaza. Baadaye serikali ilinunulia shule kadhaa za upili katika kila eneo bunge tarakilishi kupitia mpango wa kufufua uchumi ulioanza 2009. Kwa hivyo, si ajabu kukuta katika chumba kimoja vifaa vya vizazi vitatu, kila kizazi na plagi yake.

Ili kuelewa mahali ambapo mambo huharibika, ni vyema kujua kwanza kwamba kibodi haijui herufi. Unapobonyeza A, kibodi haitumi A. Inatuma nambari inayotaja mahali kitufe hicho kilipo. Katika kibodi za kawaida za PS/2, nambari ya kitufe cha A ni 1C, na unapokiachilia inatumwa F0 ikifuatwa na 1C tena. Programu ndogo ndani ya mfumo endeshi, ambayo mafundi huiita draiva, ndiyo inayopokea nambari hizo na kuzitafsiri. Kazi yake ni kama ya mkalimani katika mahakama ya Embu: shahidi anasema Kiembu, hakimu anasikia Kiswahili au Kiingereza, na mkalimani asipofika kesi inaahirishwa hata kama shahidi na hakimu wote wamo ukumbini.

Mkalimani huyo hutegemea pia mlango anaoingilia shahidi. Tarakilishi ya IBM PC ya 1981 ilitumia plagi ya mviringo yenye pini tano. Mwaka 1984 IBM ilitoa modeli ya AT, plagi ikabaki ile ile lakini lugha ikabadilika, na ndiyo sababu kibodi ya 1981 huingia barabara kwenye tundu la AT na isiseme lolote linaloeleweka. Mwaka 1987 ikaja familia ya PS/2 na plagi ndogo ya pini sita, ambayo imebakia na jina hilo hadi leo. Lugha ya kibodi haikubadilika safari hii. Kwa hivyo, kibodi ya AT huweza kuunganishwa kwenye tundu la PS/2 kwa adapta rahisi isiyo na chochote ndani ila nyaya. Rangi tunazozijua, zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya, zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya watengenezaji kukubaliana. Kabla ya hapo matundu hayo mawili yalifanana, na ni wengi waliochomeka kipanya mahali pa kibodi.

USB, iliyotangazwa 1996, ilileta mapatano ya aina nyingine. Vifaa vya kuingiza maagizo vilikubaliwa kuwa kundi moja lenye kanuni moja, hivi kwamba draiva moja iliyomo ndani ya mfumo endeshi huhudumia kibodi ya kampuni yoyote. Ndiyo sababu kibodi ya USB ya 2001 ikichomekwa kwenye tarakilishi ya leo hutambuliwa mara moja, bila diski wala kupakua chochote.

Vipanya vya kale zaidi vilitumia mlango wa pini tisa uliokusudiwa modemu. Namna vilivyotambuliwa inavutia. Draiva ilizima na kuwasha umeme katika waya mmoja wa mlango huo, na kipanya kilichofuata kanuni za Microsoft kilijibu kwa kutuma herufi moja tu, M. Baada ya hapo mazungumzo yakaanza. Windows iliendelea kusikiliza milango hiyo kwa miaka mingi, wakati mwingine kupita kiasi: wapimaji wa ardhi waliounganisha vipokezi vya GPS kwenye tarakilishi zao wameshuhudia mshale ukirukaruka kwenye kiwambo na kubofya wenyewe, kwa kuwa Windows ilidhani mfululizo wa taarifa za GPS ni kipanya.

Kipanya cha PS/2 kina kasoro yake ambayo kila mwenye saiba anaijua, ingawa huenda hajui sababu. Kipanya cha kawaida cha aina hii hutuma mafungu ya baiti tatu. Ya kwanza inaeleza hali ya vitufe, ya pili mwendo wa kushoto na kulia, ya tatu mwendo wa juu na chini. Gurudumu lilipoongezwa katikati ya miaka ya 1990, ilihitajika baiti ya nne, lakini draiva za zamani zingechanganyikiwa. Suluhu ilikuwa aina ya hodi ya siri. Draiva mpya hukiamuru kipanya kubadilisha kasi yake ya kutuma habari hadi 200, kisha 100, kisha 80, halafu hukiuliza jina. Kipanya kisicho na gurudumu hujibu sufuri. Chenye gurudumu huielewa hodi hiyo, hujibu tatu, na tangu hapo hutuma baiti nne.

Sasa chukua mfano wa mteja anayenyoosha miguu chini ya meza na kuichomoa plagi hiyo, kisha mhudumu anairudisha kwa haraka. Kipanya kilikosa umeme, kikasahau mapatano, na kimerudia baiti tatu. Draiva haijui lililotokea, ingali inahesabu nne nne. Kila fungu linasomwa kuanzia mahali pasipo pake. Mshale unakimbilia pembeni, madirisha yanafunguka, mteja anadai kuna virusi. Hakuna virusi. Draiva za baadaye, hasa za Linux, hugundua kwamba hesabu imepotea na kujaribu kuanza upya, lakini katika Windows za miaka ile dawa ya hakika ilikuwa kuzima na kuwasha tena. Ni heri pia kukumbuka kwamba PS/2 haikubuniwa ichomekwe na kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Kuna bodi ambazo fyuzi ndogo ya tundu hilo huungua kwa kosa hilo moja, na hapo ndipo kibodi nzima hutupwa kwa hatia ya bodi.

Kosa jingine la kawaida hutokea dukani. Mnunuzi anapewa adapta ndogo ya zambarau na kuahidiwa kwamba itaunganisha kibodi yoyote na tundu lolote. Adapta hiyo haina akili, inahamisha nyaya tu. Inafaa pale ambapo kibodi yenyewe imetengenezwa ikijua lugha zote mbili, ya USB na ya PS/2, jambo lililokuwa la kawaida katika kibodi za USB za mwanzo na ambalo limeendelea kuwa adimu. Ukitaka kuunganisha kibodi halisi ya PS/2 na tarakilishi isiyo na tundu ila la USB, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, ambacho kwa kawaida huwa na kiboksi kidogo na matundu mawili, la zambarau na la kijani. Anayekwenda barabara ya Luthuli jijini Nairobi kwa niaba ya shule yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Meru, afadhali aombe kukijaribu kabla ya kulipa.

Je, mifumo endeshi ya sasa imeiacha PS/2? La. Windows 11, iliyotolewa 2021, ingali ina draiva yake, na Linux pia. Sababu si huruma kwa shule za vijijini. Kibodi iliyojengwa ndani ya vipakatalishi vingi, hata vya hivi karibuni, huzungumza na bodi kuu kwa lugha ile ile ya PS/2, ingawa hakuna plagi inayoonekana. Kampuni ikiifuta draiva hiyo, wateja wake wengi watashindwa hata kuandika nywila.

Kumewahi kuwa na wakati kibodi kuukuu ikawa mkombozi. Mwaka 2015 Intel ilitoa kizazi cha bodi ambacho kiliacha vidhibiti vya zamani vya USB na kubakiza vya USB 3 pekee. Windows 7, iliyokuwa imeenea kila mahali, haikuwa na draiva ya USB 3. Fundi aliyeanza kuiweka kwenye tarakilishi mpya alifika kwenye kiwambo cha kuchagua lugha na kukuta kibodi na kipanya vya USB vimekuwa mapambo. Aliyechomeka kibodi ya zambarau, pale ambapo bodi ilikuwa na tundu lake, aliendelea na kazi. Mwacha mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na sioni mfano wake ulio bora zaidi katika taaluma hii.

Vifaa vinavyoachwa kweli ni vile vilivyohitaji draiva ya mtengenezaji. Kibodi nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa na vitufe vya ziada vya kufungua barua pepe au kuongeza sauti, na baadhi ya vitufe hivyo vilitegemea programu iliyokuja kwenye diski. Draiva iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haiwezi kutumika katika Windows ya biti 64, na kuanzia Vista ya biti 64, mnamo 2007, Microsoft ilidai kwamba draiva zinazoingia ndani kabisa ya mfumo ziwe na sahihi ya kidijitali. Kampuni ikiwa imeacha kushughulikia kibodi hiyo, vitufe vya ziada hufa. Herufi na tarakimu huendelea kufanya kazi, maana hizo zimo katika kanuni ya pamoja. Hatari kubwa ni programu hizo zikiondolewa nusu nusu: huacha nyuma kipande kilichojipachika juu ya draiva ya kawaida, na Windows isipokipata kipande hicho huikataa kibodi yote. Fundi anayejua atakiondoa kipande hicho kwenye orodha ya mfumo badala ya kuagiza kibodi.

Kuna tatizo jingine ambalo si la draiva ya plagi bali la tafsiri ya mwisho, pale nambari ya kitufe inapogeuzwa kuwa herufi. Tarakilishi zilizotoka Uingereza zilikuja na kibodi za Kiingereza cha huko. Ukibonyeza Shift na 2 kwenye kibodi hizo, kilichochapwa juu ya kitufe ni alama za kunukuu, na @ iko karibu na kitufe cha Enter. Lakini Windows ikiwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa @. Mtahiniwa anayeandika fomula ya kutofautisha waliopita na walioanguka katika lahajedwali huhitaji alama za kunukuu kuzunguka maneno. Anabonyeza kitufe anachokiona, anapata @, fomula inakataa. Anadhani amesahau somo, kumbe mpangilio tu ndio haulingani na kibodi. Kurekebisha ni kazi ya dakika moja: mwalimu hufungua mipangilio ya lugha na kuchagua kibodi ya United Kingdom. Inafaa ifanywe kwa kila tarakilishi kabla ya siku ya mtihani, kisha ijaribiwe kwa kuandika @, # na alama za kunukuu.

Ukweli huo una upande wake mzuri. Ikiwa herufi huamuliwa na programu wala si na maandishi juu ya kitufe, basi kibodi kuukuu kutoka Uingereza inaweza kuandika lugha ambazo waliyoiunda hawakuzifikiria. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na katika maandishi irabu mbili za ziada huwekewa alama juu ya i na u. Seti ya herufi za Ulaya Magharibi iliyotumiwa na Windows za zamani ilikuwa na î na û za Kifaransa lakini haikuwa na ĩ na ũ, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kukuta machapisho mengi yakiwa na kofia badala ya kiwimbi. Siku hizi seti ya Unicode ina zote. Linux ina mpangilio wa kibodi wa Kikuyu chini ya jina la Kenya, na anayeandika Kiembu anaweza kuutumia bila kununua kifaa chochote.

Kuhusu namna ya kujua ni nini kilichoharibika, kipimo cha kwanza hakihitaji pesa. Taa ya Caps Lock haiwashwi na kibodi yenyewe. Unapobonyeza kitufe hicho, nambari husafiri hadi kwenye tarakilishi, nayo ndiyo hurudisha amri ya kuiwasha taa. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mazungumzo yanaendelea pande zote mbili na tatizo liko kwingine, pengine kwenye mpangilio au programu iliyokwama. Tazama pia taa tatu za kibodi wakati wa kuwasha tarakilishi. Kibodi nyingi za PS/2 huzimulika zote kwa mara moja zinapojipima. Zikimulika hapo kisha zisijibu baadaye, kibodi inapata umeme na ina uhai, ila haieleweki.

Kipimo cha pili ni kujaribu kuingia katika mipangilio ya msingi ya tarakilishi, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2 kabla Windows haijafunguka. Kibodi ikifanya kazi hapo na kukataa ndani ya Windows, lawama ni ya draiva. Ikikataa pote pawili, angalia tundu na pini, kisha ijaribu kwenye tarakilishi nyingine. Na kama ni kibodi ya USB kwenye tarakilishi ya zamani, hakikisha kwamba huduma ya USB ya awali imeruhusiwa katika mipangilio hiyo, la sivyo haitasikika mpaka mfumo endeshi upakie draiva zake. Windows NT 4.0, ambayo baadhi ya afisi ziliing'ang'ania kwa miaka, haikuwa na uwezo wa USB hata kidogo.

Kwa maoni yangu, shule zinazohofia kibodi zao zinahofia jambo lisilo kubwa. Tishio halisi liko ndani ya kasha. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mnamo Aprili 8, 2014, Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na baadaye, ambazo zilianza kutolewa 2017. Tarakilishi ya mpango wa kufufua uchumi haifikii masharti hayo, ingawa kibodi yake ingekubaliwa na Windows 11 bila swali.

Kwa mashine kama hizo Linux ndiyo njia iliyo wazi zaidi, japo nayo imeanza kupunguza mizigo. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kawaida ya biti 32 mnamo Oktoba 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye tarakilishi za biti 32. Debian 12 ya 2023 bado huwekwa kwenye nyingi kati ya hizo. Ikishawekwa, kibodi ya zambarau na kipanya cha kijani hutambuliwa tangu mwanzo, kwa sababu draiva zake zimo ndani ya mfumo wenyewe. Hata kipanya cha pini tisa, kile kinachojibu kwa herufi M, huamshwa kwa amri moja ya programu iitwayo inputattach. Anayesimamia chumba cha tarakilishi anaweza kuijaribu Debian kwenye mashine moja kutoka kwa kijiti cha USB, bila kugusa yaliyohifadhiwa ndani, kabla ya kuagiza chochote kutoka Nairobi.